Aini Niliyoisifu

Walimu wawili waliochukua darasa langu pale Ruiru waliniomba niwaachie maandishi kuhusu namna ya kufundisha herufi za koo za Kiarabu. Walitaka ukurasa mmoja, pamoja na michoro. Michoro iko kwenye kabati la chuma, droo ya chini, ile isiyofunguka mpaka uipige teke upande wa kushoto. Haya mengine hayakuombwa na mtu. Nimestaafu, nakaa nyumbani hapa Kamenu, na kuna mwanafunzi mmoja ambaye sijawahi kumweleza mwalimu mwenzangu yeyote habari zake.

Mimi sikuajiriwa kufundisha. Niliajiriwa kupiga taipu. Chuo kilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na wanafunzi walikuwa watu wazima waliojiandaa kwenda Uarabuni kutafuta kazi za nyumbani, za udereva, za ulinzi. Wengi walikuwa wa hapa hapa, Theta, Juja, Ngoliba. Wengine walikuwa wametoka magharibi zamani wakafanya kazi viwandani Thika mpaka wakachoka. Mwalimu wa Kiarabu aliondoka wiki ya pili ya muhula bila kuaga. Mkurugenzi akaja mezani kwangu ameshika daftari la mahudhurio.

"Nyokabi, wewe si ulilelewa Majengo? Si unajua Kiarabu?"

"Najua kusalimia tu."

"Kusalimia kunatosha kwa leo. Wako ishirini na wamekaa."

Niliingia darasani na chaki. Niliandika herufi ubaoni, na kabla sijafika nusu, mzee mmoja aliyekuwa zamani fundi wa mashine akainua mkono. "Mwalimu, hizi ha ni mbili. Tofauti yake ni nini?"

Nikamwambia moja ni kubwa kuliko nyingine. Akaandika hivyo kwenye daftari lake, kwa kalamu ya wino, akapigia mstari.

Jioni hiyo nilikwenda Majengo, Thika, kwa Bi Zuhura. Alikuwa jirani yetu tangu utoto wangu, mama aliyetoka pwani akaolewa Thika, akawa anawafundisha watoto kusoma Kurani kwenye baraza yake. Mimi nilikuwa mtoto wa kanisa, lakini baraza yake ndiyo iliyokuwa na kivuli na watoto wengine, basi nilikuwa nikikaa mwishoni mwa mkeka nikisikiliza. Nilipomweleza nilivyojibu kuhusu zile ha mbili alicheka mpaka akavua miwani.

"Moja kubwa!" alisema. "Haya, ingia ndani mwanangu, kabla hujawaharibu watu wazima wa watu."

Nilikwenda kwake kila Jumamosi kwa miaka mingi. Aliniambia koo lina vyumba vitatu. Cha ndani kabisa kinakaa hamza na ha nyepesi, ile ya Kiswahili chetu. Cha kati kinakaa aini na haa nzito. Cha karibu na mdomo kinakaa ghaini na khaa. Ukijua mtu amekosea chumba gani, unajua utamvuta au utamsukuma. Kwa haa alinipa miwani yake: "Pumulia kioo kama unataka kukifuta. Usipige kelele. Pumzi tu, lakini ibane." Ukungu ukitanda sawasawa kwenye kioo, haa imetoka. Kwa khaa, mtu ajifanye anatoa mwiba wa samaki. Kwa aini hakuwa na kifaa chochote. Aliniwekea vidole viwili shingoni, akasema, "Bana, kisha achia. Bana, achia. Kazi yote iko kwenye kuachia."

Mengi ya niliyofundisha baadaye niliyapata kwa wanafunzi wenyewe. Niligundua kwamba Mkikuyu hahitaji kufundishwa ghaini. Unamwambia aseme "kũgũrũ," neno letu la mguu, unamsimamisha katikati, unamwambia: hapo hapo, usitoke. Anashangaa kwamba amekuwa na herufi ya Kiarabu mguuni maisha yake yote. Hasara yake iko kwenye l, ambayo anaigeuza r, na hapo hakuna chumba cha koo kinachoweza kumsaidia. Nilikuwa na dereva mmoja wa Juja ambaye kwa wiki sita alikuwa akiomba maziwa kwa neno ambalo hakuna Mwarabu angelitambua. Nilikuwa na mjenzi kutoka magharibi, mwanaume mkubwa, ambaye aini ilimkataa kabisa mpaka nilipomteremsha dukani chini nikamwambia ainue mfuko wa saruji na aseme neno wakati anaunyanyua. Ilitoka. Mwenye duka akatuomba tununue mfuko au tuondoke.

Kila muhula niliwapa maneno mawili siku ya kwanza. Amal, kwa hamza, ni tumaini. Amal, kwa aini, ni kazi. Niliwaambia: ninyi mnakwenda kutafuta moja mkiwa na jingine, basi afadhali mjue kuyatofautisha. Walipenda hiyo. Nami niliipenda kupita kiasi, nikairudia kila mwaka kwa sauti ile ile.

Tabitha alikuja nikiwa nimefundisha miaka kumi na kitu. Hilo si jina lake. Alikuwa mama wa miaka thelathini na saba kutoka Ngoliba, mjane, mwenye binti aliyekuwa sekondari. Alikuwa akilima kwenye shamba lisilo na maji, akachoka kutazama mawingu. Alikuwa mnyamavu. Siku ya kwanza nilipita safu kwa safu nikimtaka kila mtu aseme aini, na kama kawaida nikapata vikohozi, miayo, na mmoja aliyetoa mlio wa mbuzi. Nikafika kwake. Akafungua mdomo, ikatoka aini nzito, iliyobanwa, ya chini kabisa, kama ya mtu aliyezaliwa Yemen.

"Rudia."

Akarudia.

"Umejifunza wapi?"

"Sijajifunza, Mwalimu. Ndivyo sauti yangu inatoka siku hizi."

Siku hizi. Alilitamka neno hilo siku ya kwanza, na mimi nilikuwa nimekwisha geuka kuwatazama wengine. "Mmesikia?" niliwaambia. "Hiyo ndiyo aini. Mwigeni Tabitha."

Basi wakamwiga. Kwa miezi mitano alikuwa kifaa changu. Kila somo la koo nilimwita mbele, nikamsimamisha kando ya ubao, nikamwambia aseme neno, na darasa zima likalirudia. Haa yake pia ilikuwa ya ajabu, yenye kukwaruza. Niliona fahari. Nilikuwa nimengoja mwanafunzi wa namna hiyo tangu siku ile nilipofundisha kwamba ha moja ni kubwa kuliko nyingine.

Nilisikia mabadiliko. Lazima niliandike hilo wazi, kwa sababu kusikia ndiko kulikuwa kazi yangu. Nilisikia sauti yake ikizidi kuwa nzito mwezi hadi mwezi. Nilisikia kwamba hata ha nyepesi ilianza kutoka na mkwaruzo, kwamba hata "habari" ilitoka kooni. Nikamwambia, "Tabitha, sasa unazidisha. Ukisema Kiswahili rudi nyumbani." Akatabasamu, akasema atajaribu. Kwenye chai ya saa nne alikuwa akichovya mkate mpaka ukalainika kabisa ndipo ameze. Nilidhani ana jino bovu.

Mwezi wa nne nilitoa zoezi. Kila mmoja atunge sentensi yenye haa na aini, asimame aiseme bila kusoma. Dereva mmoja alisema ana farasi, uongo mtupu. Tabitha alisimama, akashika kiti cha mbele yake, akasema polepole kwa Kiarabu: nina alam kwenye halqi yangu.

Halqi ni koo. Alam, kwa hamza, ni maumivu. Lakini kwake kila irabu ilikuwa imekwisha kuwa aini, na alam kwa aini ni bendera.

"Una bendera kooni?" nikamuuliza kwa Kiswahili. "Ya nchi gani?"

Darasa lilicheka. Yeye pia alicheka, akaweka mkono mdomoni. Nikaeleza tofauti ubaoni, bendera huku, maumivu huku, nikamtaka arudie kwa hamza. Alijaribu mara tatu. Haikutoka. Nikamwambia akae, tutaifanyia kazi. Nikampa alama nane juu ya kumi. Bado ninalo daftari la alama.

Wiki chache baadaye mkurugenzi alitangaza kwamba wageni kutoka kampuni inayopeleka watu kazini wangekuja kuwasikiliza wanafunzi. Nilimwalika Bi Zuhura aje mapema kuwapima, kwa sababu sikio lake sikuwahi kulifikia. Alikuwa amezeeka; nilimpandisha zile ngazi tukipumzika kila baada ya hatua chache. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akasikiliza mmoja mmoja, akisahihisha kwa kidole tu. Tabitha nilimweka mwisho, kama mtu anayeficha kitindamlo.

Tabitha alisoma mistari minne. Bi Zuhura hakuinua kidole. Alimwambia, "Ahsante mwanangu, kaa." Kisha akaniomba nimsindikize nje, akasimama kwenye korido akishika ukuta.

"Yule mama ana nini?"

"Ana kipaji, Bi Zuhura. Umesikia aini yake?"

"Ile si aini. Aini hubanwa ikaachiwa. Yule haachii, Nyokabi. Koo lake limebanwa na kitu. Hata akivuta pumzi nasikia. Mpeleke kwa daktari."

"Nitampeleka."

"Si utampeleka. Mpeleke kesho."

Nilikasirika. Sikumwonyesha, lakini nilikasirika, kama mtu aliyeambiwa dhahabu yake ni bati. Nikajiambia mzee amechoka na ngazi, na sikio nalo huzeeka. Nikajiambia pia jambo lingine, na hili ndilo sijawahi kulisema kwa sauti: kwamba wageni wanakuja baada ya wiki tatu, na Tabitha ndiye nitakayewaonyesha. Nikimpeleka kwa daktari, huenda akaambiwa apumzishe sauti. Kwa hiyo nikaamua kumwambia baada ya wageni. Nilikutana naye kila siku kwa wiki tatu, nikamwambia mambo mengi kuhusu herufi, wala sikumwambia neno hilo moja.

Wageni walikuja. Tabitha alisimama akasema alichotakiwa kusema. Mgeni mmoja, aliyeishi Uarabuni muda mrefu, alipiga makofi, akauliza mwalimu ni nani. Nikainuka. Tukashuka kunywa chai na mandazi. Nilikuwa bado naongea na yule mgeni niliposikia kikombe kikivunjika. Tabitha alikuwa ameshika koo kwa mikono yote miwili na pumzi haiingii. Yule mjenzi wa saruji, aliyekuwa darasa moja naye, alimpiga mgongoni, tonge likatoka, na baada ya tonge ikatoka damu kwenye leso. Si nyingi. Lakini wote tuliiona.

Nilikwenda naye hospitali Thika. Daktari kijana alimwangalia kwa kioo kidogo chenye mpini mrefu, akaangalia tena, akatoka kuniuliza mimi ni nani wake.

"Mwalimu wake."

"Sauti yake imekuwa hivi kwa muda gani?"

Nikasema miezi mitano. Akauliza, kwa upole tu, wala hakuwa na nia mbaya: "Na hakuna mtu aliyesikia?"

Alipelekwa Nairobi. Uvimbe ulikuwa umelikalia zoloto, pale pale juu ya nyuzi za sauti, na ulikuwa mbaya. Walimtoa zoloto lote. Walimwachia tundu mbele ya shingo la kupumulia. Nilimuuliza daktari wa Nairobi kama wiki tatu zingebadilisha kitu. Alisema wiki tatu, pengine hapana. Miezi mitano, pengine ndiyo. Mwanzoni mara nyingine hutibiwa kwa miale na sauti inabaki. Nilijishikiza kwenye lile jibu la kwanza kwa muda mrefu, nikajifanya sikulisikia la pili.

Bi Zuhura alifariki mwaka uliofuata. Sikupata kumwambia kwamba sikumpeleka kesho yake. Aliniuliza mara moja tu, "Yule mama alikwenda kwa daktari?" nikajibu, "Alikwenda," jambo ambalo lilikuwa kweli.

Niliendelea kufundisha miaka mingine minne. Nilibadilisha mambo kadhaa, na hayo nawaomba muyaendeleze. Siku ya kwanza, kabla ya herufi yoyote, mfanye kila mwanafunzi azungumze Kiswahili au lugha ya nyumbani kwa dakika mbili, mumsikilize bila kumfundisha. Mwenye sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu, mpelekeni akaangaliwe. Msimsimamishe mtu mbele awe kifaa. Na jambo la kwanza mnalowafundisha kusema kwa Kiarabu liwe wapi panauma, na aliyesema, aulizwe kwanza kama ni kweli, matamshi baadaye. Nimepeleka wanafunzi wanne kwa daktari kwa njia hiyo. Watatu walikuwa na mafua. Mmoja hakuwa na mafua, na leo anafanya kazi Muscat, sauti yake nzima.

Lakini kwa Tabitha sikwenda. Nilituma salamu na mwanafunzi wa Ngoliba, nikatuma kanga, nikatuma kadi ya Krismasi. Kila nikipanga kwenda nilipata mitihani ya kusahihisha. Watu husema kazi inakufunga; mimi nilijifungia mwenyewe kwa ndani.

Mwezi wa kwanza baada ya kustaafu sikuwa na mitihani. Nikaenda.

Alikuwa shambani, anavuta bomba la maji kwenye safu za tikiti. Binti yake ni mwalimu sasa, ndiye aliyemchimbia kisima. Tabitha amenenepa kidogo. Alikuwa na kitambaa chepesi shingoni. Aliniona, akazima maji, akanisogezea debe nikae. Kisha akasema, "Mwalimu. Karibu."

Nilishtuka. Nilidhani sitasikia neno kutoka kwake. Sauti ilitoka tumboni, ya kuvunjika vunjika. Anameza hewa kidogo kisha anairudisha juu na kuitengeneza maneno. Alinieleza kwamba alifundishwa na mzee mmoja waliyekutana naye kliniki, aliyekatwa vivyo hivyo. Ilimchukua mwaka kuweza kulitamka jina la binti yake. Herufi h haiwezekani tena, kwa sababu pumzi haipiti mdomoni. "Abari ya Ruiru?" aliniuliza, na nikajibu nzuri.

Tulikaa. Nilimweleza nia yangu ya kuandika, na kwamba sitaandika jina lake. Kisha nikamwambia yale ya korido. Nilimwambia Bi Zuhura alisema nini, na kwamba nilingoja wiki tatu, na kwa nini nilingoja. Nilisema kwa Kikuyu, ili nisipate pa kujificha.

Alisikiliza akitazama tikiti zake. Alipojibu alisimama mara nyingi kumeza hewa.

"Mimi nilijua kabla yenu wote," alisema. "Nilikuwa natema damu asubuhi. Niliogopa wakinipima nisiende."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia." Akameza hewa. "Siku ya bendera. Sikuwa natunga sentensi. Kwa Kiswahili niliona aya mbele ya watu. Nikaona kwa Kiarabu ni wewe tu utaelewa."

Nilikuwa nimeishi miaka minne nikitumaini kwamba siku ile alikuwa anafanya zoezi.

Alinyanyuka, akachagua tikiti moja, akaligonga kwa kidole karibu na sikio, akaliacha, akachagua lingine, akanipa. Alinisindikiza mpaka barabarani, akinibebea mkoba. Bodaboda ilipokuja nilimuuliza kwa mara ya mwisho kama ananiruhusu kuandika.

"Andika," alisema. "Wale walimu wadogo wasome." Akameza hewa, na kwa muda nilidhani amemaliza. "Lakini usiandike kwamba nimekusamee. Watu wakiandika vitu kama ivi upenda kumaliza apo. Mimi sijasema."

Na kweli hakusema.